Kengele ya Mfuniko wa Sufuria

Kang! Mpaka leo naisikia sauti ya kijiko kikigonga mfuniko wa sufuria, ule mfuniko wa bati niliokuwa naufunga kwa kamba mlangoni mwa jiko letu. Kang moja, tanuru la kwanza. Kang mbili, la pili. Kang tatu, la tatu. Mpigaji nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka kama kumi na moja hivi, na nilikuwa nahodha wa meli.

Meli yenyewe ilikuwa ua wetu wa nyuma, nje kidogo ya mji wa Singida. Ukipanda kwenye jiwe kubwa lililo nyuma ya nyumba unaliona ziwa Singidani na ndege wake wekundu. Enzi hizo Waingereza ndio waliokuwa wanatawala, na kaka yangu, mtoto wa kwanza wa mama yetu, alikuwa ameajiriwa kwenye meli ya mizigo huko pwani. Meli kuukuu ya mvuke, inayobeba chochote: katani, ngozi, karanga, mabati. Mimi nilidhani yuko juu, kofia kichwani, anapigwa na upepo. Kumbe alikuwa chini kabisa, tumboni mwa meli, anatia makaa ya mawe kwenye matanuru ili maji yachemke na mashine izunguke.

Alikuja likizo mara moja tu, wakati wa kuvuna uwele. Alishuka kwenye lori la Mhindi mwenye duka, lile lililopeleka ngozi stesheni ya Manyoni na kurudi na sukari na vitambaa. Mikono yake ilikuwa imejaa makovu madogo madogo ya cheche. Shingoni alikuwa na tambara la kufutia jasho, na hakulivua hata wakati wa kula.

"Shikamoo kaka," nilimwambia, na hapo hapo nikaongeza, "bahari ikoje?"

"Marahaba. Bahari siijui, mdogo wangu. Mimi najua milango mitatu ya moto."

Jioni ile alitusimulia siku walipopakia ngozi. Harufu ilimfikia hata kule chini, akawaambia wenzake, "Hao ng'ombe nawafahamu! Ni wa kwetu, wamenifuata mpaka huku!" Baba, ambaye kucheka kwake ilikuwa bahati, alicheka mpaka akaweka kibuyu chini.

Mchezo wa meli tuliubuni kesho yake. Kaka alipanga mafungu matatu ya mawe yawe matanuru, mchanga ukawa makaa, akachukua beleshi la baba. Kisha akanifundisha sheria za kule chini. Kengele ikilia mara moja, unafungua tanuru la kwanza, unatupa makaa, unafunga upesi moto usipoe. Ikilia mara tatu, ni la tatu. Hakuna kuuliza, hakuna kusema nimechoka.

"Na mtu akichoka kweli?" niliuliza.

"Anangoja zamu iishe. Zamu ina saa nne. Ikiisha, kengele ya juu inalia mara nane, mbili mbili. Hiyo ndiyo tamu kuliko zote. Ukiisikia unaweka beleshi chini, anakuja mwenzako."

Mimi hiyo nane sikuipenda, kwa sababu ilimaliza mchezo. Kaka alikuwa anapiga kelele kutoka kwenye mawe yake, "Nahodha, zamu!" Nami najibu, "Bado!"

"Nahodha, una roho mbaya wewe! Hata yule wetu mwenye tumbo kama pipa ana huruma."

"Tia makaa, tumechelewa kufika Mombasa!"

Zilikuwa zimebaki siku mbili aondoke. Mama alikuwa shambani, baba ameenda na ng'ombe. Siku ile nilikuwa na furaha ya ajabu, nikapiga mfuniko haraka haraka, moja, tatu, mbili, tatu, nione kama ataweza. Aliweza. Alikuwa anaruka kutoka fungu hili hadi lile, beleshi linakwaruza chini, jasho linamtoka. Halafu akapiga magoti. Alikohoa muda mrefu, tambara mdomoni. Alipolitoa, nililiona.

"Ni vumbi la makaa tu," alisema.

"Vumbi ni jeusi, kaka. Hiyo ni nyekundu."

 Akalikunja lile tambara mara mbili, mara tatu, mpaka likawa dogo.

"Usimwambie mama. Akijua hataniachia. Nikifanya safari hii moja wananipandisha juu, kwenye kamba na upepo. Kule kifua kitapona. Halafu nitakuchukua Dar es Salaam uione meli."

"Mimi? Niione?"

"Uione tu? Utaipanda."

Basi, nikanyamaza. Usiku huo niliota nimevaa kofia.

Siku ya kuondoka tulimsindikiza mpaka dukani. Lori lilikuwa limeshajaa, linanguruma. Mama alikuwa amemfungia mlenda mkavu na chupa ya asali kwenye mfuko. Kabla hajampa, alinivuta pembeni.

"Wewe ndiye unayeshinda naye. Kaka yako ni mzima?"

"Mzima, mama."

 Kisha akakaza fundo la ule mfuko, akaenda kumkabidhi.

Barua ilikuja tukiwa tunabangua karanga. Haikuwa na mwandiko wa kaka. Nyumbani msomaji nilikuwa mimi, na madarasa yangu manne, kwa hiyo niliisoma kwa sauti, neno kwa neno, kabla sijajua inakwenda wapi. Ilitoka kwa mwenzake wa chini. Alisema kaka alikuwa hajapandishwa juu bado. Kifua kilimzidi, akaanguka mbele ya tanuru la tatu, zamu ikiwa haijaisha. Hakuamka. Walikuwa mbali na bandari, wakamshonea ndani ya turubai, wakamzika majini.

Mama hakulia papo hapo. Aliyeongea ni baba.

"Soma tena. Kaburi liko wapi?"

"Baharini, baba."

"Baharini wapi?"

Niligeuza karatasi, nikatafuta hata nyuma. "Haikuandikwa."

"Sasa tutakaa wapi tukitaka kukaa naye?"  Akaendelea kubangua karanga, na maganda yote akayatia kwenye bakuli la zilizobanguliwa.

Watu walikuja, wakakaa matanga, wakaondoka. Nilikonda. Wakasema mtoto huyu alimpenda sana kaka yake, na maneno hayo yalinichoma. Siku moja nikamfuata mama jikoni, alikuwa anachekecha unga, nikamwambia yote: mchezo, kengele za haraka, tambara, ahadi ya meli. Nilingoja anipige. Natamani angenipiga.

Alichekecha mpaka unga ukaisha kwenye chekeche, akabaki anatikisa makapi matupu.

"Nilikuwa namsikia anavyokohoa," alisema. "Nilikuuliza wewe kwa sababu nilitaka kusikia kuwa ni mzima."

Akanifuta uso kwa mkono wake wenye unga. Hatujalizungumza tena, mpaka leo ninapoandika.

Alasiri ile, yeye alipokwenda kuchota maji, niliufungua mfuniko kutoka mlangoni, nikachukua kijiko, nikapanda kwenye jiwe kubwa. Ziwa lilikuwa linang'aa, halina hata ngalawa. Kwa mkono mmoja niliuinua mfuniko kwa kamba yake. Kwa wa pili nikapiga, polepole, nikihesabu nisikosee: mbili, nikangoja, mbili, nikangoja, mbili. Nikafuta macho. Kisha mbili za mwisho.