Mwenye Kuwauliza Mainjinia

Juzi, kwenye kibanda cha kuchaji simu hapa Likasi, mwandishi wa kike wa habari za sayansi alikuwa akieleza redioni kwa nini betri ya simu huvimba ikiachwa juani. Mwenye kibanda akapanda kiti, akashusha betri zote za simu alizoanika juu ya bati, kama tunavyoanika za redio zipate nguvu.

Mama mmoja aliyengojea simu yake akajifunga kitenge upya, taratibu.

“Ule mwenye kusema ni mutoto yangu.”

“Kumbe iko injinieri, mama?” akauliza mwenye kibanda.

“Hapana. Ye ndjo anauliza bainjinieri, mpaka banasema maneno tunasikia.”

Mji huu haujawahi kukosa mainjinia. Betri zilikaa juani mpaka binti yule alipowauliza.