Mpini Ulioshika Mno

Usiku ule Hyangsuk alikuwa akikata mizizi ya chipukizi za soya pamoja na Pilnyeo, mwenye kibanda cha supu alikoajiriwa, simu ikiwa imewekwa katikati ya mabeseni. Binti yake Dasom alikuwa mji wa Changwon, kwenye mashindano ya shule ya kulenga shabaha kwa bastola za upepo. Matokeo yalitakiwa yawe yamejulikana tangu alasiri.

"Mama Dasom, utaitoboa hiyo simu kwa macho," Pilnyeo alisema. "Na unachotupa ndicho cha kupika, dada. Mizizi umeibakiza kwenye beseni."

Hyangsuk alicheka kidogo, akaanza upya. Wasiwasi haukuwa mgeni kwake. Aliacha shule mapema akaenda Busan kutengeneza viatu kiwandani, na miaka yote ile aliishi akisubiri kuambiwa amekosea. Mumewe alipofariki alirudi kwao Gokseong na mtoto mgongoni. Sasa mtoto huyo alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, na medali ya timu pamoja na barua ya mwalimu vingemwingiza chuo.

Bastola ilikuwa ya shule, haikuruhusiwa kutoka kabatini. Mpini wake wa mbao tu ndio uliofunguliwa na kuletwa nyumbani. Ulikuwa umechongewa mkono wa msichana aliyemaliza kabla yake, na kiganja cha Dasom kilicheza ndani yake. Mpini mpya ungekula mshahara mzima wa mama. Basi walinunua puti ya mbao, tupa na msasa, wakajaza penye uwazi na kukwangua palipobana, Dasom akishika na kusema, "Hapa, mama. Kidogo tu." Matundu kwenye shabaha yakaanza kukaribiana.

Ingetosha. Lakini Hyangsuk alikwenda kumtazama mazoezini, akaona kifundo cha mkono kinatetemeka. Usiku wa kuamkia safari, mtoto akiwa amelala, aliongeza ukingo wa puti kwa nyuma, ukapanda na kukumbatia kifundo, vile alivyozoea kukaza kisigino cha kiatu kule Busan. Mwalimu Bang, mkufunzi wa timu, alikuwa amewaonya wazazi kwamba mpini usipande kwenye kifundo. Alimsikia vizuri. Alijiambia, kidogo hivi nani ataona.

Simu ikalia. Alikuwa mwalimu Bang.

"Mama Dasom, wamekagua bastola baada ya mashindano. Mpini umegoma kuingia kwenye kisanduku cha kipimo. Dasom ameondolewa, na timu nzima imepoteza medali ya shaba. Anasema amejaza mwenyewe. Nyumbani hukuona kitu?"

Pilnyeo alikuwa ameacha kazi, anamtazama.

"Sikuona, mwalimu."

"Basi kwangu hachezi tena. Na barua ya chuo siandiki. Siwezi kumdhamini mdanganyifu."

Simu ilipokatika, Pilnyeo alisema taratibu, "Hukuona? Wewe unayeona unywele kwenye bakuli la mteja aliyekaa mlangoni? Hiyo iliyoganda kwenye kucha zako ni nini, unga?"

Uso ulimwaka Hyangsuk. Alificha mikono chini ya aproni.

Alfajiri alikuwa mbele ya bweni la timu kule shuleni. Basi la timu lilikwisha kurudi usiku, wote wakalala humo. Alibisha.

"Nani?" Ilikuwa sauti ya Dasom.

"Mimi. Mwalimu yumo?"

"Mama, rudi nyumbani. Nimeshasema, yameisha."

"Umesema uongo kwa ajili yangu. Na mimi nikaongeza wangu."

"Mama, tafadhali. Wenzangu wanasikia."

Hilo ndilo alilokuwa akiliogopa njia nzima. Akausogeza uso karibu na ubao wa mlango, akapaza sauti kama anavyoita oda jikoni.

"Mwalimu Bang, aliyeongeza ule ukingo kwenye mpini ni mimi. Dasom alikuwa amelala. Na jana uliponiuliza, nilikuwa najua."

Ndani, ndala ziliburutwa sakafuni, zikasimama, zikaja tena. Hyangsuk aliinama mpaka akawa anaona vidole vya miguu yake tu. Mlango ukafunguliwa, naye hakuthubutu kuinua macho kuona ni nani.