Nilisubiri Taa Iwashwe

Waingereza huikata siku vipande vipande, kila kipande na salamu yake, na ole wako uvichanganye. Nililijua hilo enzi za Wajerumani, nilipokuwa nafua na kupiga pasi kwa bibi mmoja Mwingereza wa misheni aliyetibu wagonjwa, upande wa Msalato. Askari wa boma la Dodoma walitaka usimame wakipita, basi, yakaisha. Huyu bibi alitaka nimsalimie kwa lugha yake na kwa saa yake. Shikamoo yangu alikuwa haiitikii tena. Alinyamaza akisubiri ya kwao.

Ya asubuhi haikunisumbua. Baada ya chakula cha mchana salamu ilibadilika, nayo nikaishika, ingawa siku akichelewa kula ilikuwa bado asubuhi na jua liko utosini. Ya usiku ni ya kuagana tu. Ukiingia nayo mlangoni, hata giza liwe nene namna gani, unachekwa, maana umeaga kabla hujafika. Iliyonitesa ni ya jioni. Nilimuuliza jioni inaanza lini. Akafikiri, akasema inategemea. Pengine jua likipungua ukali, pengine watu wakiacha kazi, pengine yeye akishabadili nguo za chakula cha usiku. Kwao, alisema, kuna miezi giza linaingia saa kumi. Nikamshangaa mtu mzima asiyejua jioni yake inaanzia wapi. Kwetu ng'ombe wakiingia zizini ni jioni, hakuna ubishi.

Nikikosea alinirudisha mlangoni nianze upya. Hakuwa mkali. Alicheka, na hicho ndicho kilichoniuma. Siku moja alinirudisha mara tatu mbele ya wageni, nao wakacheka, mimi na kapu la nguo kichwani.

Mwisho wa kiangazi mdogo wangu alijifungua mtoto wa kike nyumbani kwa mama. Mtoto alitoka salama, ila damu ya mama yake ikakataa kukatika. Mkunga alifanya yote aliyoyajua, mbinu zikamwishia. Mama akanishika bega. "Mkimbilie yule bibi," akasema. "Wewe anakujua."

Nikakimbia. Nilifika jua limekaa juu ya vilima, nusu limezama. Mlango ulikuwa wazi kidogo, nikamwona yuko mezani anaandika, bado na nguo zake za mchana. Nikasimama barazani.

Hapa nataka nieleweke, ingawa mwenyewe sijielewi. Kwetu huingii nyumba ya mtu ukamtupia shida yako bila salamu. Ombi lisilo na salamu ni tusi, na aliyetukanwa ana haki ya kukunyima. Ombi langu lilikuwa kubwa kuliko yote niliyowahi kubeba, na salamu yake sikuwa na hakika nayo. Ya mchana au ya jioni? Nilijiona nikirudishwa mlangoni, nikichekwa, kisha nikinyimwa. Mjinga mimi! Nikajiambia akiwasha taa itakuwa jioni bila shaka yoyote, nikangoja. Muda ule chungu kidogo cha uji kingechemka na kuiva.

Taa ikawaka. Nikaingia, nikaitamka salamu ya jioni bila kosa hata moja. Akapiga makofi. "Leo umeipata!" akasema. Ndipo nikamweleza.

Alisimama kwa kishindo kiti kikaanguka. Alichukua mkoba wake wa dawa, tukatoka mbio, na njiani akaniuliza nilitoka nyumbani lini. Nikamwambia sasa hivi.

Tulimkuta mdogo wangu ana joto bado, lakini ameshakata roho. Bibi alipiga magoti, akamgusa shingoni. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu kwamba tungewahi kidogo tu, pengine angeweza kumwokoa. Nilitamani ardhi inimeze. Mama hakumlaumu. Alinigeukia mimi, akaitazama miguu yangu iliyochanwa na miiba, akanikumbatia akilia na kunishukuru.

Matangani aliwasimulia wote waliokuja, wa Makutupora na wa Ipagala, kwamba huyu binti yake hakupumzika hata mara moja njiani. Na kweli, njiani sikupumzika. Nilikaa kwenye ngozi ya wafiwa nimeinamisha kichwa, watu wakadhani ni majonzi matupu. Ilikuwa aibu pia, na woga kwamba yule bibi atakuja kuhesabu muda na kunijua. Hakuhesabu.

Mama alikufa akiwa bado anaisimulia hadithi yake. Mtoto nilimlea mimi, kwa maziwa ya ng'ombe kwanza, kisha kwa uji wa uwele, mpaka akasimama akawa binti. Hadithi ile alikuwa ameipata kwa mama yangu tangu mdogo. Siku anaolewa alinipigia magoti mbele ya watu, akasema, "Mama, ahsante kwa kumkimbilia mama yangu."

Nikamwinua. "Ndiyo, mwanangu," nikamwambia, "nilikimbia."