Magodoro Yalipotoka Nje

Nilikaa katika nyumba ile ya wageni kwa sababu hoteli iliyonipeleka Juba haikuwa imemaliza kujenga vyumba vya wafanyakazi wake. Hakuna sababu nyingine. Watu wakisikia kwamba nilikaa mtaa wa zamani, karibu na soko la Konyo Konyo, katika nyumba ya mawe iliyojengwa na mfanyabiashara wa Kigiriki enzi za babu zetu, hudhani nilikwenda kutafuta historia. Mimi nilikuwa natafuta bafu lenye mlango unaofungika.

Kazi yangu ni kufundisha watu kutunza vyumba vya hoteli. Nimeifanya Mombasa, Naivasha na Kigali, na imeniharibu kabisa: siwezi kuingia chumbani kwa mtu bila kukagua kona za shuka. Nyumba ile ilinipa mengi ya kukagua. Kuta zake zilikuwa nene, na ndani kulikuwa na ubaridi mzuri hata jua lilipokuwa linachoma mabati ya jirani, lakini rangi ilikuwa imebambuka, na chini ya nyeupe ungeiona samawati, na chini ya samawati rangi nyingine ambayo sikuitambua. Vyumba vilizunguka ua. Katikati ya ua palikuwa na rakuba, yaani kivuli cha nguzo na nyasi kisicho na kuta, na chini ya rakuba palikuwa na majirani. Sikuwahi kuiona rakuba ile bila majirani. Walikuja asubuhi kunywa chai, wakaja mchana kukimbia jua, na jioni wakaja kwa sababu walikuwa wamekuja mchana.

Na hawakuniacha nikae peke yangu. Nikitoa kiti nje ya chumba changu nipumzike na kitabu, mama mmoja angevuta kiti chake aje akae nami. Hakuwa na la kuniambia, nami sikuwa na Kiarabu cha Juba cha kumjibu. Alikaa tu, akitazama nilikotazama. Mwenye nyumba alinieleza kwamba mgeni akiachwa peke yake ni aibu kwa wenyeji. Nikamwambia kwetu huko ndiko kupumzika. Alicheka sana, akadhani natania.

Mwenye nyumba huyo alikuwa wa umri wangu, mama wa makamo, mjane, mwenye sauti ya chini na mikono isiyotulia. Alizaliwa katika nyumba ileile. Vita vilipoingia mjini alikimbilia Uganda na watoto wake, na miaka baadaye akarudi peke yake kuifungua tena. Watoto, watatu, walibaki kambini upande wa Adjumani na nyanya yao. Mgao wa chakula ulikuwa umepunguzwa, na nyanya alikuwa anaanza kuchoka. Alinieleza haya siku ya pili tu ya kukaa kwangu, huku akipepeta mchele, kwa Kiswahili alichotoka nacho Uganda.

"Mimi nataka watoto yangu arudi," alisema. "Lakini nyumba haina wageni. Ikirudi itakula nini, Ustaza? Itakula ukuta?"

Ustaza ndilo jina alilonipa, maana yake mwalimu, na mtaa mzima ukalidaka.

Ikatokea kwamba meneja wetu, Mkenya mwenzangu, alikuwa anatafuta nyumba ndogo ya kukodi yote kwa mwaka mzima, ya kuwaweka wakufunzi watakaokuja baada yangu. Tayari alikuwa ameiona moja karibu na uwanja wa ndege, yenye vigae na jenereta kubwa. Nikamwomba aione na hii kabla ya kuamua. Akakubali kuja asubuhi moja, saa nne, kwa sababu jioni yake alikuwa anasafiri kwenda Nairobi na alitaka awe amemaliza jambo hilo. Nilipompa mwenye nyumba habari, aliketi chini palepale alipokuwa. Nyumba ikijaa mwaka mzima, watoto wangerudi kabla ya shule kufunguliwa. Sisi sote wawili tulijua hilo, na hatukulisema mara mbili.

Basi tukafanya kazi. Tuliyatoa magodoro juani tukayapiga kwa fimbo mpaka vumbi likaisha. Tulifua vyandarua. Tulikwenda Konyo Konyo tukachagua shuka za pamba, nyeupe, na muuzaji alipotaka kutuuzia za maua nilimjibu vibaya kidogo. Nilimfundisha mama yule kukunja kona ya shuka hadi ikae kama bahasha, na alijifunza haraka kuliko wengi niliowafundisha wakiwa wamevaa sare. Tulikosana kwa jambo moja tu. Nilimwambia siku ya meneja majirani wakae kwao.

Alinitazama kana kwamba nimemwambia aje bila miguu.

"Asubuhi moja, Mama," nilisema. "Moja tu."

"Malesh," alisema hatimaye, akimaanisha basi, yaishe. "Asubuhi moja."

Jioni ya kuamkia siku hiyo vyumba vyote vilikuwa tayari. Mama alipita kimoja kimoja bila viatu, akasimama mlangoni mwa kila kimoja, akapiga picha kwa simu na kuwatumia watoto. Niseme ukweli, nami nilifurahi. Nilijisifu moyoni, na nililala usingizi mzito.

Niliamshwa alfajiri na kilio. Kilitoka nyuma ya ukuta wetu, sauti ya mwanamke mmoja, kisha nyingi. Mzee wa nyumba ya jirani, aliyekuwa na kiti chake maalumu chini ya rakuba na aliyenisalimia kila asubuhi kwa kuinua fimbo, alikuwa amefariki. Kulipopambazuka vizuri turubai lilikuwa limeshatandwa katikati ya barabara na viti vya plastiki vinapangwa. Nilisikitika. Papo hapo nikaanza kufikiria meneja atapitia wapi na gari lake.

Nilipotoka chumbani nilimkuta mwenye nyumba akitoka chumba cha mbele na godoro kichwani. Shuka zilikuwa zimekunjwa kitandani, na kitanda kimebaki mbao tupu.

"Mama, unafanya nini?"

"Kuna bika," alisema. Bika ni matanga.

"Najua kuna matanga. Meneja anakuja saa nne!"

"Atakuja tu. Mzee amekufa."

Ilibidi nielezwe, nami nilielezwa na yule mama aliyekuwa akija kukaa nami, kwa mikono zaidi kuliko maneno, huku mwenye nyumba akitafsiri kila alipopita na godoro. Katika mtaa ule, mtu akifa, kila nyumba hutoa inacholalia. Ndugu wa kike wa marehemu wanakuja kutoka mitaa ya Sherikat na Mangateen na mbali zaidi, wanakaa na kulala kwa wafiwa siku kadhaa, na haifai wakae kwenye udongo mtupu. Nyumba inayobaki na magodoro ndani wakati wa bika imejitoa yenyewe katika mtaa. Na nyumba ya wageni, kwa kuwa ndiyo yenye magodoro mengi, ndiyo inayotazamwa kwanza.

Nikampigia meneja simu nimwombe aje siku nyingine. Alinipa pole, lakini hakuwa na siku nyingine. Nikarudi kwa mwenye nyumba nikiwa nimepata wazo ambalo hadi sasa naona lilikuwa la akili.

"Acha chumba kimoja," nikamwambia. "Kimoja tu, cha kuonyesha. Vingine vyote toa."

Alitikisa kichwa. "Ustaza, mlango moja ikifungwa, watu ataona hiyo moja."

Hapo nikafura. Nilimkasirikia yeye, nikaukasirikia mtaa, nikamkasirikia hata marehemu, ambaye hakuwa amenikosea ila kwa kufa siku ile. Nikamwambia watoto wake wako kambini na wanapunguziwa chakula, na yeye yuko hapa anagawa magodoro. Nilisema kwa sauti, na chini ya rakuba watu wakageuka.  Mama alisimama na godoro lake kichwani mpaka nikamaliza. Kisha akanionyesha lililofuata kwa kidevu.

"Hiyo iko nzito," alisema. "Shika upande ile."

Nikashika. Tuliyabeba yote, mawili mawili, kupitia lango hadi kwa wafiwa, na kila tulilolitua lilikaliwa kabla halijanyooka. Chumba changu hakukigusa. Alisema cha mgeni hakitoki. Nikaingia ndani nikaketi juu ya kitanda changu, na baada ya muda nikaona siwezi kuketi pale. Nikavua shuka, nikalivuta godoro hadi kwa wafiwa mimi mwenyewe, huku bado nimekasirika, na bikizee mmoja aliyetoka Mangateen kwa miguu akalilalia bila kuniuliza ni la nani.

Meneja alifika saa nne kamili. Gari lake halikuweza kupita, akaja kwa miguu. Sina ubaya naye. Alivua kofia, akawapa mkono wafiwa, akaketi, akanywa chai yenye sukari nyingi mpaka akaimaliza. Kisha akaomba aone vyumba. Mwenye nyumba alimtembeza kwa heshima zote, akamfungulia kila mlango. Ndani palikuwa na vitanda vya mbao tupu, vyandarua vyeupe vimefungwa juu, na shuka zimekunjwa vizuri mno. Meneja alizishika zile kona. Alijua ni kazi yangu.

"Sawa," alisema. "Nimeona."

Alichukua ile ya uwanja wa ndege. Ningekuwa yeye, ningefanya vivyo hivyo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Matanga yalipokwisha magodoro yalirudi, mengine yakiwa na harufu ya moshi na umande, moja likiwa limechanika. Mwenye nyumba alishona palipochanika. Hatukuzungumza juu ya meneja. Jumapili alasiri alikaa chini ya rakuba, mara hii hapakuwa na watu wengi, akaniita nikae karibu, akawapigia watoto. Aliweka simu mezani, sauti ikiwa wazi, akaongea Kiswahili ili nami nisikie. Nafikiri hakutaka kuwa peke yake anaposema.

Akawaambia hawatarudi mwaka huu. Alisema hoteli imechukua nyumba nyingine, kwa sababu meneja wao alikuja siku ya bika na vyumba havikuwa na kitu. Aliyepokea alikuwa binti mkubwa, mwenye umri wa miaka kumi na kitu.

"Nani amekufa?" binti aliuliza.

"Mzee wa hapa kwa ukuta."

"Yule alinibeba?"

"Huyo."

Nilimtazama mama. Akaweka kiganja juu ya simu, akanieleza kwa ufupi, kama mtu anayeeleza njia ya sokoni. Siku walipokimbia alikuwa na wadogo wawili, mmoja mgongoni na mwingine mkononi. Binti mkubwa alikuwa mzito mno kubebwa na bado mdogo mno kukimbia. Yule mzee alimtia mgongoni mwake akavuka naye daraja hadi Sherikat, akampandisha kwenye lori la kwenda Nimule, mpakani, kisha akarudi mjini kwa sababu mke wake alikuwa mgonjwa.

"Mbona hukuniambia ile asubuhi?" nilimwuliza.  "Nisingekutolea maneno yale."

"Ningesema, wewe ungefikiri mimi nalipa deni," alisema. "Hata kama hakubeba mtoto yangu, godoro ingetoka. Yeye iko jirani."

Akaondoa kiganja. Binti alikuwa bado anangoja.

"Mama, ulitoa godoro?"

"Nilitoa."

"Yote?"

"Yote. Hata ya Ustaza."

 Tulimsikia mdogo mmoja nyuma ya binti akiuliza tunaenda lini, tunaenda lini, na yeye akimnyamazisha kwa upole wa mtu mzima.

"Basi sisi tutangoja," alisema. "Lakini alizikwa vizuri?"

 Mama yake alijifunika uso kwa kitambaa. Basi nikaichukua simu mimi, nikajitambulisha, nikamwambia yule mtoto kwamba mzee alizikwa vizuri, na watu walikuwa wengi.