Lenzi ya Marehemu Baba na Twiga wa Mwisho

Mwanangu, iko siku moja huko Wamunyu ambayo huikumbuka kila nikishika kamera. Nilikuwa msichana bado, ingawa wadogo zangu watatu walikuwa wameanza kuniita Mama. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule kidato cha pili, nikaajiriwa katika studio ya picha mjini Machakos. Baba alikuwa mpiga picha. Aliniachia lenzi moja ndefu, nzito kama mchi, ya kuvuta vitu vya mbali.

Wakati huo dijitali ndiyo ilikuwa inatufikia. Mwenye studio alipata kamera kubwa ya kisasa, ya mitumba, yenye kuonyesha hata unywele mmoja wa kope. Lenzi ndefu ya kamera hiyo hatukuwa nayo. Nikatafuta pete ya kuunganishia, na ile ya Baba ikaingia. Nilifurahi kama aliyerudishiwa mzazi.

Basi akaja binti wa Mzee Mutuku, mchonga vinyago wa Wamunyu. Alitaka picha ya babake akichonga, kubwa ya kutundika ukutani, kwa sababu mikono ya mzee ilikuwa imeanza kutetemeka na alishasema twiga aliyekuwa akimchonga ndiye wa mwisho. Shida ni kwamba ukimsogelea na kamera, mzee alikauka kama gogo. Ilibidi apigwe picha kwa mbali.

Aliponiona nimesimama ng'ambo ya ua akacheka. "Mwana wakwa, mwanangu, hiyo ni kamera ama ni bomba la maji?"

"Chonga tu, mzee. Jifanye siko."

"Na vile umejificha nyuma ya hilo bomba, kweli hauko."

Nilipiga nikiwa nimeishika mkononi, kama nilivyomwona Baba akifanya. Kwenye kioo kidogo cha nyuma kila kitu kilionekana safi, nikafunga mkoba nikaenda zangu. Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Studioni, nilipoikuza picha kwenye kompyuta, tezo, kile kishoka cha kuchongea, ilikuwa wazi, lakini macho ya mzee yalikuwa ukungu. Nyingine zote zilikuwa zimetikisika. Enzi za filamu tulitoa picha za ukubwa wa kiganja, na kosa kama hilo halikuonekana. Nami, sikufichi, nilifikiria kuitoa ndogo hivyo hivyo na kumwambia yule binti kwamba kubwa haiwezekani. Hata bahasha nilikuwa nimeshaishika.

Lakini mficha uchi hazai. Kesho yake asubuhi nikarudi Wamunyu nikamwambia mzee ukweli, nikiogopa kwamba labda twiga amekwisha.

Alikuwa amebakiza masikio. Hakunifokea. Aliinua tezo yake akaniuliza, "Chuma hiki ni cha baba yangu. Mpini huu ni wa nne. Unajua nikiweka mpini mpya mimi hufanya nini?"

"Hapana, mzee."

"Nachonga kuni siku nzima. Kuni tu, za kupikia. Mkono ujue uzito umehamia wapi. Wewe umeweka mpini mpya ukakimbilia twiga."

Akaiweka tezo chini.

"Enda ukachonge kuni zako. Masikio nitayaacha mpaka Alhamisi. Lakini usichelewe, hii mikono hainingojei."

Siku mbili nilipiga picha za nguzo ya ua. Nikajifunza kwamba lenzi nzito ndiyo hufungwa kwenye stendi, si kamera, la sivyo itaining'inia kamera na kuivuta mbele. Nikajifunza kuizungusha lenzi polepole hadi ninapolenga, kama macho ya mtu, pawe wazi kwanza, na kuikuza picha papo hapo kabla ya kuondoka. Alhamisi, mzee alipoinama kupuliza vumbi kwenye sikio la pili, nikabonyeza. Kila kope ilitoka. Binti yake aliitundika sebuleni, na twiga mwingine hakuchongwa.

Kwa hiyo nakusihi, mwanangu. Usitupe cha mzazi wako eti ni cha zamani, wala usidhani kwamba kwa kuwa mkono wake ulikijua, basi na wako umekijua. Cha kale kikiunganishwa na kipya, kwako vyote viwili ni vigeni. Vizoee kwanza kwenye kazi isiyomuumiza mtu. Na ukikosea, rudi kwa uliyemkosea mapema, kabla aibu haijakufundisha uongo. Mungu akupe jicho tulivu na mkono mvumilivu, na akukutanishe na wazee watakaokuwa tayari kukungoja.