Pumzi Kumi na Sita

Nilipokuwa nasomea uuguzi hapa Toronto, mgonjwa wangu wa mazoezi alikuwa mama yangu. Tuliishi wawili tu, ghorofa ya kumi na moja, mtaa wa Thorncliffe Park. Kila jioni baada ya sala alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, akajifunika mtandio, tasbihi ikiwa ndani yake, akaninyooshea mkono kama bi harusi anayesubiri hina. Napenda kumkumbuka hivyo.

Nilimpima joto, mapigo na presha. Mwisho nilitangaza, "Sasa nahesabu pumzi," nikatazama saa. Siku ya kwanza aliuliza, "Inatakiwa ngapi?" Nikamwonyesha mfano kitabuni: kumi na sita kwa dakika. Tangu hapo alinipa kumi na sita, jioni baada ya jioni, nami nikaandika kwa mwandiko mzuri, nikajiona muuguzi kamili.

Mwalimu wetu alikuwa Mgoa, mzaliwa wa Mombasa, mwanamke mwenye ulimi wa pilipili. Alipitia daftari langu la wiki tatu, kisha akaniuliza kwa Kiswahili, wenzangu wasielewe, "Mama yako ni binadamu au saa ya ukutani?"

Nikanuna. Akaendelea, "Ulimwambia unahesabu?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Basi hukuhesabu kitu. Mtu akijua unamhesabia pumzi, hapumui tena kama kawaida yake. Ukimaliza mapigo usiachie mkono. Nyamaza, tazama kifua."

Nilirudi nyumbani na hasira zangu. Mama alikuwa mezani anachambua choroko. Nikamshika mkono, nikasema napima mapigo tu. Yeye akaanza kunisimulia harusi ya dada yake kule Tanga, biriani lilivyoungua na wageni wakalila hivyo hivyo. Nikamaliza mapigo, sikuachia. Nikatazama mtandio ulivyopanda na kushuka, na maneno alivyoyakata katikati ili avute hewa. Ishirini na nane. Nikarudia. Ishirini na nane. Nikakumbuka kitanda chake.

"Mama, mito mitatu unayolalia siku hizi ni ya nini?"

Akainamia choroko zake. "Nikilala chali nakosa hewa."

Kumbe kila jioni, chini ya mtandio, alikuwa akisukuma punje moja ya tasbihi kwa kila pumzi, jicho kwenye saa, ili dakika ikiisha zitimie kumi na sita tu. "Nilidhani namba zangu zikiwa mbaya, watakufelisha wewe," akasema. Na ndiye huyu aliyenilea kwa methali ya mficha maradhi kifo humuumbua! Nilimfokea, kisha nikalia, kisha nikamvalisha koti twende hospitali.

Walikuta moyo umechoka na maji yamejaa mapafuni. Dawa zilimpa miaka mingine minne, na nina hamu nayo hadi leo. Kila nilipotoka zamu niliushika mkono wake, na mara nyingi nilimaliza kuhesabu mapigo nisiuachie. Alijua, akaendelea na hadithi zake.

Mchana mmoja wa siku zake za mwisho, theluji ikianguka nje, aliunyoosha mkono mwenyewe kutoka kitandani. Nikahesabu. Thelathini na sita.

"Ngapi leo?" akauliza.

"Kumi na sita, mama."

Akafumba macho. "Basi umefaulu."