Inverter ya Mjomba ilivyofunika adhana ya redio ya Bibi

Wakuu, wakubwa shikamooni, wenzangu mambo. Huwa nasoma tu humu, leo nimejikaza. Yote ni kweli, nimeyatoa kwenye diary yangu.

Ilianza Jumanne ya Ramadhani, saa kumi na mbili na nusu jioni. Niko form three, naishi Mbwera na Bibi na Mjomba.

Bibi hafuturu mpaka asikie adhana redioni. Nilishamwambia simu yangu inaadhini.

"Hiyo inaadhini hata mfukoni mwa mlevi," akanijibu.

Jioni hiyo redio ikatoa zzzzz tupu. Bibi akakaa na tende mkononi mpaka giza likaingia.

Mjomba akasema, "Mama, hii imechoka. Kesho naenda Bungu, naibadilisha."

Redio yenyewe aliiacha marehemu Babu.

Mimi nikawa najiuliza, mbona mchana iliongea vizuri?

Kumbe siku hiyo Mjomba kafunga inverter ya solar, akaiwasha jioni kusagia juisi ya futari.

Nikaichukua redio nikatembea nayo. Karibu na inverter, kelele. Kwenye banda la kuku, safi. Na hata pale ndani, nikiizungusha, kuna upande kelele zinapungua.

Network ilipokubali nikagoogle. Inverter za bei nafuu hazitoi wimbi laini la umeme, bali linalopanda ngazi ngazi, maana ndani zinakata na kuunga umeme haraka mno. Kona za hizo ngazi ndizo zinazozaa harmonics, yaani mawimbi ya ziada, na zile za frequency za juu zinaangukia kwenye masafa ya AM anayosikiliza Bibi. Hata feni yetu kuunguruma nadhani ni hayo hayo. Nikikosea nirekebisheni.

Shida ikawa kumwambia Mjomba. Mimi mbele ya watu wazima sauti inaisha.

Asubuhi nikakuta redio imeshaingia kwenye begi lake. Nikaitoa mbele yake na Bibi, nikaiwasha, nikaisogeza kwenye inverter.

Nikawasha inverter. Zzzzz.

Nikazima. Mtangazaji anasoma habari.

Nikarudia.

Mjomba akacheka. "Kumbe mgonjwa ni wangu."

Bibi akaipokea redio, akaomba inverter iwashwe tena, akaigeuza taratibu mpaka kelele zikapungua.

"Nayo ina kibla chake," akasema.

Nilichojifunza: kitu cha zamani kikigoma, angalia kwanza kipya gani kimeingia ndani.

Aliyewahi kufunga filter kwenye inverter anielekeze. Kwa sasa juisi tunasaga saa kumi na moja.